Dawa ya Meno kwa Kompyuta ya Anti Pomaa

Mjini Kumasi, huku Ghana, mfiwa hupepewa. Ndiyo adabu yetu. Kwa hiyo Kyeremeh Antwi, alipokuwa akikatiza mtaa wa Asafo Jumanne moja ya jua kali na kuwaona wanawake wawili waliovaa nyeusi na nyekundu wakimpepea mtu ndani ya duka kwa vipande vya boksi, alivua kofia, akauvaa uso wa huzuni na kuingia, maana penye msiba hapakosi sahani. Kufika ndani akakuta anayepepewa si mtu. Ni kompyuta.

Uso wa huzuni akautia mfukoni. Pua yake ilikuwa imeshanusa pesa.

Huyu Kyeremeh, hebu nimweleze kabla hajafungua mdomo, maana akishafungua hatanipa nafasi. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, shati jeupe lililopigwa pasi, na kalamu tatu kifuani ambazo hakuna hata moja iliyokuwa na wino. Alijiita Dokta Baridi, tabibu wa kompyuta zinazochemka. Ukimuuliza alisomea wapi alijibu "ng'ambo", na sisi tuliomjua tangu akiwa na kamasi tunajua ng'ambo pekee aliyowahi kufika ni ng'ambo ya reli.

"Poleni," akasema. "Inaumwa tangu lini?"

"Wiki mbili sasa," akajibu mwenye duka. "Inafanya kazi nusu saa, inazima. Ukiigusa inakuunguza. Hawa wateja wangu wamekuja kuchapa bango la baba yao, tumeishia kumpepea huyu."

Mwenye duka ndiye Anti Pomaa. Mwanamke wa hamsini na kitu, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja, kazi yake kuchapa mabango na vijitabu vya mazishi. Kwetu mtu anaweza kuishi bila picha, lakini hawezi kufa bila picha, kwa hiyo Anti Pomaa hakukosa kazi. Nusu ya kuta za Asafo zilikuwa ukurasa wake. Mwenyewe alikaa Tafo, katika nyumba iliyovuja mpaka kitandani, na kwa miaka miwili alikuwa akiweka akiba ya mabati. Akiba hiyo aliiweka kwenye kopo la maziwa, na kila mvua ikipiga alilikumbatia kopo na kuhamishia godoro upande mwingine.

Dokta Baridi alilala kifudifudi mbele ya kasha, akalifungua ubavu, akachungulia. Katikati ya ule ubao mkubwa wa ndani, ambao mafundi huuita mazabodi, kulikuwa na chipu moja ndogo iliyobebeshwa kipande cha shaba chenye meno kama kitana, cha kupoozea. Akaigusa kwa kidole. Akakirudisha kidole haraka na kukipuliza.

"Homa," akatangaza.

Wanawake wenye maboksi wakaongeza kasi.

"Hii hapa, anti, ndiye trafiki wa kompyuta. Kila kitu kinapita kwake. Picha inapita, herufi zinapita, printa nayo inasubiri apige filimbi. Sasa trafiki ameshikwa na homa, unategemea nini? Barabara inafungwa."

Haki yake tumpe: maneno hayo yalikuwa kweli tupu. Kati ya chipu na kile kitana cha shaba hupakwa dawa maalumu ya kupitisha joto, na ile ya Anti Pomaa ilikuwa imezeeka ikawa unga. Fundi mwaminifu angeifuta, akapaka nyingine ya pesa ndogo, sedi kumi, akapuliza vumbi, akaenda zake nyumbani kuwa maskini. Lakini Dokta Baridi alishaapa kwamba umaskini na yeye basi.

"Anahitaji dozi," akasema. "Na hiki kitana kimeambukizwa, lazima nikakichemshe kwangu. Nitampa kingine. Sasa naomba mgeuke, utabibu huu hautazamwi."

Wakageuka. Akachomoa kitana cha shaba, akakitupa ndani ya mkoba, akaweka badala yake kipande cha alumini alichokikata kwenye fremu ya dirisha bovu. Katikati yake akaminya dawa ya meno.

"Mbona inanukia mswaki?" Anti Pomaa akauliza akiwa bado ameangalia ukuta.

"Minti ya Kijerumani hiyo, anti. Inashusha homa."

Kompyuta ikawashwa, ikakaa saa nzima bila kuzima, bango la baba yao likatoka na fremu ya maua. Usicheke. Dawa ya meno kweli hupoza chipu, ila kwa muda. Kyeremeh alikuwa ameligundua hilo mwenyewe, akalifanyia utafiti kuliko wasomi wengi tunaowalipa mishahara, na akajua kwamba kwa joto la Kumasi inakaa siku sita. Siku ya saba inakauka inakuwa chaki. Basi mteja wake alirudi kila wiki kama anayekwenda kanisani, na vitana vya shaba vilijaa kwenye gunia chini ya kitanda chake, vikisubiri bei ya vyuma chakavu ipande.

Wiki tano Anti Pomaa aliinywesha kompyuta dozi. Kila dozi ilikuwa na bei ya bati moja, na ilitoka kwenye lile kopo.

"Dokta, huu ugonjwa hauponi?" aliuliza wiki ya nne.

"Anti, unauliza hivyo kwa sababu unampenda. Wenzako walioacha dozi katikati, leo wanaandika kwa mkono."

Wiki ya sita ikaangukia msiba wa ukoo wa Opanin Dwomoh, wafanyabiashara wa kakao. Marehemu, bibi wa miaka tisini, aliwahi kuwaomba wanawe mfuko mmoja wa saruji wakamwambia hali ngumu. Sasa amekufa, hali ikalegea ghafla: kijitabu cha kurasa hamsini, karatasi ya kung'aa, picha za rangi, na majina ya wajukuu wote pamoja na nchi wanazoishi. Opanin Dwomoh mwenyewe, mkuu wa ukoo, alikuja dukani na fimbo yake.

"Ijumaa asubuhi viwe mkononi mwangu," alisema. "Mazishi ni Jumamosi, na Jumamosi ni Jumamosi. Vikikosekana, Pomaa, hakuna ukoo wa Kumasi utakaokuletea maiti tena."

Dokta Baridi alisikia habari hiyo kabla hata fimbo haijatoka mlangoni. Dozi ya wiki hiyo akaipaka nyembamba, utando tu. Jumanne mchana, ukurasa wa arobaini na saba, kioo kikawa cheusi.

Alipoitwa alikuja akitembea polepole. Akaligusa kasha, akaliinamia na kulitegea sikio, akavua kofia.

"Anti. Kaa kwanza."

"Sema nikiwa nimesimama."

"Imefariki. Chipu imeiva. Tumejitahidi, lakini Mungu ameipenda zaidi."

Anti Pomaa alikaa. "Kijitabu changu? Kurasa arobaini na saba, Dokta! Mabango yangu yote ya miaka kumi na minne?"

"Hizo ni roho, anti. Mwili unakufa, roho inahamishwa. Mimi nitaihamisha. Shida ni mwili mpya." Akakuna shingo. "Upo mmoja. Umeshuka juzi bandarini Tema, kutoka Hamburg. Kuna daktari wa watu anautaka, ameshanipigia mara tatu. Lakini wewe ni mama yangu. Elfu tatu."

Anti Pomaa akatazama dari la duka, na sisi tunajua alikuwa anaona dari gani. Akavuta kopo la maziwa kutoka chini ya meza, akalimimina lote.

"Na hii maiti?"

"Naichukua nikaizike. Ina sumu ndani, haitupwi ovyo."

Akaibeba begani, akaondoka kwa heshima zote.

Kule kwake akaifungua. Akafuta chaki ya dawa ya meno, akapuliza vumbi, akachimba gunia mpaka akakipata kile kile kitana cha shaba, akakipaka tone la dawa halisi, maana alikuwa nayo, mkebe mzima, miaka yote hiyo! Akafunga na kifeni kidogo juu yake. Kompyuta ikatulia, baridi kama mtungi. Katika maisha yake yote hiyo ndiyo siku moja aliyotengeneza kompyuta ya mtu, na aliitengeneza vizuri sana, jambo ambalo mpaka leo linatuuma. Kisha akaisimamisha juu ya gazeti, akaipulizia rangi nyeusi mbele, nyuma, ubavuni na juu, akabandika karatasi yenye maneno ya Kijerumani aliyoibandua kwenye jokofu.

Jumatano alifika dukani nayo. Ikawashwa. Mabango yote ya miaka kumi na minne yakajitokeza, na kijitabu kikiwa pale pale ukurasa wa arobaini na saba. Anti Pomaa alishangilia mpaka muuza ndizi wa jirani akaja kuangalia. Dokta Baridi akakaribishwa kiti, akapewa kenkey, donge la unga wa mahindi, na samaki wa kukaanga, akaanza kula kwa nafasi.

Anti Pomaa alitaka kuitandikia kompyuta mpya kitambaa chake cha kufuma. Akainyanyua, akaiinamisha kidogo, na kidole chake kikapita chini yake kwenye kitu kilichotuna. Akachungulia.

Chini ya kasha, kwa rangi nyekundu ya kucha, paliandikwa A.P.

Msomaji wa mbali huenda akauliza ni nini hiki. Msibani kwetu sufuria zinaazimwa, mabeseni yanaazimwa, vigoda vinaazimwa, na Jumapili inapofika kila mwanamke anadai sufuria iliyo nzuri kuliko aliyoileta. Kwa hiyo mwanamke wa Kumasi akinunua kitu, kabla hajakitumia anakigeuza na kukitia alama chini kwa rangi ya kucha. Anti Pomaa alitia alama chini ya kila kitu chake, pasi, mwiko, hata jalada la nyuma la Biblia. Kyeremeh alilelewa katika mji huu huu, na sufuria za marehemu mama yake zote zilikuwa na alama. Alipuliza rangi pande zote, akasahau kwamba kitu cha mwanamke kinajulikana kwa chini.

Anti Pomaa alisimama na lile kasha mkononi. Hasira ilimpanda, na kwa kitambo kidogo samaki wa Dokta alikuwa hatarini kumwagwa. Aliyafikiria mabati yake. Aliifikiria ile minti ya Kijerumani. Kisha akaliweka kasha juu ya kitambaa, taratibu, akavaa miwani vizuri.

"Dokta."

"Naam, anti," mdomo umejaa.

"Umeniokoa. Lakini kitu kimoja kinanisikitisha. Mtu wa heshima kama wewe, mji mzima huu, huna hata bango moja ukutani?"

Dokta akaacha kutafuna. Jamani, kila mwindaji ana tundu lake la kutegewa, na la Kyeremeh lilikuwa hapo hapo.

"Bango? La biashara?"

"Bango kubwa. Picha yako katikati, fremu ya dhahabu. Mimi kazi yangu sikutozi, wewe lipia karatasi na wino tu."

"Fremu ya dhahabu?"

"Kwa mtu kama wewe, hiyo ni lazima."

Akanawa mikono, akafunga vifungo vya shati, akapigwa picha akiwa ameangalia juu kidogo. Anti Pomaa akaketi kwenye kibodi.

"Jina kamili?"

"Dokta Injinia Kyeremeh Antwi. Halafu weka 'maarufu Dokta Baridi'."

"Umri?"

"Arobaini na mmoja. Umri wa nini?"

"Ukomavu, Dokta. Kompyuta ya mtu utampa kijana? Kijiji cha ukoo?"

"Ejura."

"Mkuu wa ukoo?"

"Wofa Badu, mjomba wangu. Hatujasalimiana miaka minne. Yeye anaingiaje?"

"Bango la mtu mmoja asiye na ukoo ni la tapeli," akasema Anti Pomaa bila kuinua macho. "Watu wanamwamini mwenye watu wake. Wapwa wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Nitajie. Na ndugu wa ng'ambo?"

"Binamu yupo Bremen, anaosha vyombo hotelini."

"Tuandike mkurugenzi?"

"Andika, andika!"

Mtoto yeyote wa shule ya msingi Kumasi angemwambia kwamba duniani kuna aina moja tu ya karatasi inayotaja umri, mkuu wa ukoo, wapwa kumi na mmoja na binamu wa Bremen. Lakini Kyeremeh alikuwa akiitazama picha yake kwenye kioo, ndani ya fremu ya dhahabu, na macho yalimlegea.

"Na kichwa cha habari?" akauliza.

"Kichwa nakiweka mwisho. Kinataka herufi nzito. Tufanye mia mbili?"

"Mia mbili! Na yabandikwe mpaka Kejetia!" Akatoa pesa za mabati, akalipia karatasi na wino, na ya wabandikaji juu yake. "Mimi kesho nakwenda Sunyani, narudi Jumatatu. Kompyuta za kule hazijapata daktari."

"Safari njema, Dokta. Mungu akuweke pema."

"Amina," akajibu Kyeremeh, akatoka akipiga mluzi.

Ijumaa asubuhi Opanin Dwomoh alipokea vijitabu vyake, akavinusa, akaridhika. Jumamosi, wakati mji mzima uko msibani na macho ya watu yako ukutani, wabandikaji wakapita na gundi. Kichwa cha habari kilikuwa na herufi nzito kama ilivyoahidiwa: MSHTUKO ULIOJE! Na chini yake: Wofa Badu wa Ejura na ukoo wote, pamoja na wapwa kumi na mmoja na binamu yao, mkurugenzi, Bremen, wanasikitika kutangaza kuondokewa ghafla na mpendwa wao, akiwa safarini Sunyani.

Wenye wasiwasi walipiga simu yake. Kyeremeh ana desturi: akishakula pesa ya mtu huzima simu siku nne. Basi haikupatikana. Msiba ukathibitika; hata Wofa Badu, alipoona jina lake ukutani, alidhani wapwa ndio waliomwandika, akaja Kumasi kusubiri maiti kutoka Sunyani.

Jumatatu mchana alishuka stendi ya Kejetia na mkoba wake. Ukutani akajiona, fremu ya dhahabu, akatabasamu kwa mbali. Hakuwa na haja ya kusoma, si aliandikisha mwenyewe? Muuza maji akamtazama, akatazama ukuta, akaangusha beseni lote akakimbia. "Wamenitambua," Kyeremeh akajiambia.

Nje ya nyumba yake akakuta turubai limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, watu wamevaa nyeusi. Mbele kabisa alikuwa Mwalimu Nimako, mkuu wa shule ya binafsi, mtu aliyenunua dozi tisa, analia kwa kwikwi.

"Alikuwa anakuja hata Jumapili!" Mwalimu alikuwa akisema. "Kila wiki, bila kuchoka!"

"Nani amekufa?" Kyeremeh akauliza.

Yakapigwa mayowe yaliyosikika mpaka stesheni ya zamani. Viti vikaanguka. Mwanamke mmoja akammwagia miguuni pombe ya kutambikia mizimu na kumwomba arudi alikotoka. Katika vurugu hiyo mkono ukamshika kola na kumvuta nyuma ya turubai. Ulikuwa mkono wa Wofa Badu.

"Kyeremeh!"

"Mjomba! Niko hai!"

"Una hakika?"

"Mjomba!"

Wofa Badu alimkagua juu mpaka chini, na sitasema uongo, alionekana kusikitika. "Umekuja wakati mbaya, mwanangu. Ng'ombe ameshanunuliwa. Watu wa kwaya wameshapewa nauli. Hukuweza kusubiri mpaka Jumapili?"

"Nisubiri wapi? Hapa ni kwangu!"

"Mwenye nyumba ameshampa mtu mwingine chumba. Vitu vyako viko uani, na gunia lako la vyuma." Akapunguza sauti. "Watu wametoa rambirambi, Kyeremeh. Sikujua ulikuwa na watu hivi."

Hapo jicho la Kyeremeh likang'aa, hata katika hali hiyo. Mbwa hasahau mfupa. "Zimefika ngapi, mjomba?"

"Nyingi kuliko ulizowahi kutuletea ukiwa hai."

"Basi nipe changu nipotee."

"Chako?" Wofa Badu alishangaa kweli kweli. "Rambirambi ni ya ukoo. Marehemu tangu lini akapewa mgawo?"

Wakati huo Mwalimu Nimako alikuwa amezunguka turubai. Machozi bado yako mashavuni. Alimgusa Kyeremeh shavu, akalibonyeza, akakuta ni nyama.

"Dokta, u mzima?"

"Mzima, Mwalimu, Mungu ni mkubwa."

"Basi mbona kompyuta yangu imezima tena?" Na huzuni yote ikageuka pale pale. "Na fundi wa Adum ameifungua Ijumaa akakuta dawa ya meno! Nilikusamehe kwa sababu umekufa! Jamani eee, njooni, yuko hai!"

Wafiwa walikuwa na mbio kuliko nilivyowadhania. Kyeremeh alikatiza Asafo kofia mkononi, akaingia duka la Anti Pomaa na kujifungia mlango.

Anti Pomaa alikuwa anakunywa chai. Kompyuta ilikuwa ikivuma taratibu, baridi.

"Pole na safari," akasema. "Kulikuwaje huko ulikokuwa?"

"Anti, umeniua!"

"Wewe uliniambia mwenyewe: mwili unakufa, roho inahamishwa. Nimekuhamisha." Akaliinamisha kasha kwa mkono mmoja. Herufi mbili nyekundu zikamkodolea Kyeremeh macho. Aliziangalia kwa muda, na nadhani aliziona na sufuria za mama yake, maana alikaa sakafuni.

"Nichapie bango la kukanusha," akasema kwa sauti ndogo. "Waniache tu nipite mjini. Hakuna mtu atakayenipa chumba, anti. Muuza maji amenikimbia. Nani atamfungulia mzimu kompyuta yake?"

"Pesa ya mabati."

Akavua kiatu cha kushoto, akavua soksi, akaitoa. Ilikuwa imepungua kwa karatasi na wino wa mabango yake mwenyewe, na kwa chakula cha Sunyani. Anti Pomaa akaipokea kwa ncha za vidole.

"Pungufu utalifanyia kazi. Na gunia la shaba?"

"Liko uani kwangu."

"Litaletwa. Na ile dawa halisi, mkebe mzima. Nimeona uliyopaka kwenye yangu. Unajua kazi, mshenzi wewe. Unajua kazi!" Hilo ndilo lililomtoa Anti Pomaa machozi, si pesa.

Mlango ukabishwa hodi. Alikuwa Wofa Badu, peke yake, akiongea kupitia upenyo. "Mama Pomaa, nakuomba kama mzee. Usichape mpaka Jumapili."

"Ng'ombe mchinjeni, Wofa. Semeni ni shukrani kwamba amefufuka. Watu watakula vile vile."

"Hilo halikunijia," akasema Wofa Badu, akaondoka akitembea haraka.

Anti Pomaa akavuta kibodi. Hakumuuliza Kyeremeh umri wala wapwa. Alipomaliza akamgeuzia kioo asome: TUMSHUKURU MUNGU. Dokta Baridi hakufa. Anapatikana kila siku duka la Anti Pomaa, Asafo, kuanzia saa mbili asubuhi, akirudisha vitana vya shaba vya watu na kupaka dawa halisi bure. Njoo na kompyuta yako. Ulimlilia, njoo umwone.

"Anti," Kyeremeh akanong'ona, "hili bango litaniua."

"La kwanza lilikuua, na ukalilipia."

Asubuhi iliyofuata foleni ilifika mpaka kwa muuza ndizi. Mwalimu Nimako alikuwa wa kwanza, kompyuta begani. Wengine walikuja bado wamevaa nyeusi, kwa kuwa walishaikodi mpaka Jumamosi. Kyeremeh alipewa kigoda, bisibisi na pamba, akaanza kufuta chaki ya dawa ya meno, chipu moja baada ya nyingine, huku kila mwenye kompyuta amesimama juu yake, na safari hii hakuna aliyegeuka ukutani. Jumamosi ng'ombe wake aliliwa, naye akapata mkia. Jumatatu mabati yakapanda juu ya nyumba ya Tafo, na aliyeshika ngazi kutwa nzima mnaweza kumkisia.

Lakini hiyo asubuhi ya kwanza, kabla hajaruhusiwa kushika bisibisi, Anti Pomaa alitoa kichupa kwenye mkoba wake, akakitikisa, akapiga magoti mbele ya kigoda.

"Nyanyua mguu."

"Wa nini?"

"Nyanyua."

Akaunyanyua. Anti Pomaa akaushika mguu kwa kisigino, akaandika chini ya ndala herufi mbili nyekundu, akazipuliza zikauke.

"Watu ni wengi leo," akasema, "na vitu vya watu hupotea. Ukiokotwa, warudishe hapa."